IST, Vitz na Passo: Bei ya kununua ni mwanzo tu

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Magari madogo kutoka Japani yamewafungulia Watanzania wengi wa kipato cha kati mlango wa kumiliki usafiri. Wengi hupiga hesabu ya kununua na kuisahau ya kutunza, na hapo ndipo gereji zinapopata wateja.

Jumamosi asubuhi katika gereji za Gerezani, Ilala, kazi huanza kabla jua halijawa kali. IST moja imefunguliwa boneti, rejeta imetolewa na kulazwa juu ya boksi. Fundi anaiinamisha. Kinachomwagika si kulanti ya kijani wala ya rangi ya waridi. Ni uji wa kutu.

Mwenye gari amesimama pembeni, simu mkononi. Gari amelinunua juzijuzi tu. Anaelezwa kwamba silindahedi imepinda na gasketi imeungua, na huenda ikabidi atafutiwe injini nyingine. Kwa miezi kadhaa gari hilo lilikuwa likiongezwa maji ya bomba kila lilipochemsha. Kulanti ambayo ingeliokoa inauzwa duka la jirani kwa fedha ya mafuta ya siku chache.

Kisa cha namna hiyo hakimshangazi fundi yeyote wa mjini. Kinachobadilika ni jina la gari tu: leo IST, kesho Vitz, keshokutwa Passo.

Makala haya yanaangalia magari hayo matatu kwa sababu ndiyo yanayonunuliwa sana na mtu anayemiliki gari kwa mara ya kwanza. Ni imara na spea zake zimejaa mjini. Hata hivyo, mengi yanayouzwa leo ni ya umri mkubwa, na gari la umri huo lina masharti yake.

Yalikotoka

Vitz ilitoka kiwandani kwa mara ya kwanza Januari 1999, ikichukua nafasi ya Starlet. Ulaya iliuzwa kwa jina la Yaris, na huko ilitwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka 2000. IST ilifuata mwaka 2002, ikijengwa juu ya msingi uleule wa Vitz lakini ikiwa na umbo la kunyanyuka kidogo. Passo ilikuja 2004, ikitengenezwa na Daihatsu, kampuni ya kundi la Toyota.

Japani, gari la binafsi hukaguliwa kwa mujibu wa sheria miaka mitatu baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo ni ghali, na kadiri gari linavyozeeka mmiliki huona bora aliuze. Ndivyo linavyofika mnadani, na kutoka hapo linapakiwa melini.

Kwa sababu Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani wao uko kulia. Gari linashushwa bandarini Dar es Salaam na kuingia barabarani bila kubadilishwa kitu.

Tatizo ni umri. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Hata iliyokuwa ya mwisho kutoka kiwandani imeshavuka miaka 15. Vitz ya 1999 ina umri wa kijana aliyekwishamaliza chuo na kuanza kazi.

Kodi inavyokula bajeti

Mnunuzi anayeagiza mwenyewe hukutana kwanza na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Gari la cc 1,001 hadi 2,000 huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, ambao lisilozidi cc 1,000 halitozwi. Likivuka miaka 10 tangu litengenezwe, hutozwa ushuru mwingine wa asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu. Mwisho kabisa huja VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote.

Chukua IST ya cc 1,300 iliyovuka miaka 10, ambayo TRA imeithamini kwa Sh5 milioni. Ushuru wa forodha unaifikisha Sh6.25 milioni. Ushuru wa bidhaa na wa uchakavu unaipeleka hadi karibu Sh8.44 milioni. Ukiongeza VAT inafika karibu Sh9.96 milioni, na hapo hujahesabu tozo ndogo za reli na za forodha, gharama za bandari wala wakala.

Kwa maneno mengine, kodi ni karibu sawa na thamani ya gari lenyewe. Wengine hushtuka zaidi wanapogundua kwamba TRA hutumia thamani iliyo katika mfumo wake, si lazima ile iliyo kwenye risiti ya mnunuzi.

> Kwa gari dogo lililovuka miaka 10, kodi ni karibu sawa na thamani ya gari lenyewe.

Anayekwepa safari hiyo hununua kwa mtu au yadini. Huko anakutana na dalali, na sentensi yake maarufu: “Bosi, hii ni mafuta yako tu.”

Herufi ya namba haitibu injini

Soko la magari yaliyotumika hapa nchini lina kipimo chake: herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye namba ya usajili. Matangazo hayaanzi na mwaka wa kutengenezwa, bali na “IST namba D” au “Vitz namba E, kali sana”. Bei hupanda na herufi.

Herufi hiyo inaeleza jambo moja tu, yaani gari lilisajiliwa lini Tanzania. IST mbili za mwaka 2004 zinaweza kuwa moja ni namba B na nyingine namba D. Yenye namba D imekaa kwenye barabara zetu muda mfupi zaidi, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini imetumika Japani muda mrefu zaidi, na mpira, waya na beringi zake zina umri uleule.

Kinachoeleza zaidi ni kibati kilicho ndani ya boneti. Herufi na tarakimu zake huonyesha injini na toleo. SCP10 ni Vitz ya kwanza yenye cc 1,000 ya silinda nne. KSP90 ni Vitz ya pili, cc 1,000 lakini silinda tatu. NCP60 ni IST ya cc 1,300 na NCP61 ni ya cc 1,500. KGC10 ni Passo ya cc 1,000.

Ipo pia karatasi ndogo ya Kijapani ambayo mara nyingi huachwa kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya boneti. Ni kumbukumbu ya kubadilisha oili. Ikisomeka H27, maana yake ni mwaka wa 27 wa enzi ya Heisei, yaani 2015. R3 ni mwaka wa tatu wa enzi ya Reiwa, yaani 2021. Pembeni huwa pameandikwa kilomita za siku hiyo.

Ukikuta karatasi ya H27 inayosema kilomita 118,000 na mita ya dashibodi leo inasoma 76,000, huna haja ya kumuuliza dalali kitu kingine.

Magonjwa yanayojirudia

Mafundi wanaoyashika magari haya kila siku hutaja orodha inayofanana. Inaongozwa na kuchemsha.

Injini za magari haya zina silindahedi za aluminiamu, na nyingi zina bloku ya aluminiamu pia. Ni nyepesi na hupoa vizuri, lakini hazivumilii joto la kupita kiasi. Zikichemka mara moja tu vibaya, silindahedi hupinda. Kulanti haizuii tu maji kuchemka mapema. Ina dawa ya kuzuia kutu. Maji ya bomba, na zaidi ya kisima chenye chumvi, hula njia za ndani na kuziba rejeta.

Hapo huingia utaratibu mmoja wa gereji zetu ambao umeua injini nyingi polepole: kung’oa themostati. Fundi huona gari linachemsha, anaitoa, joto linashuka, mteja anafurahi. Kazi ya kifaa hicho ni kuiwezesha injini kufikia joto lake la kufanyia kazi na kubaki hapo. Kikitolewa, injini hukaa baridi kuliko inavyotakiwa, kompyuta huongeza mafuta ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa, na ugonjwa halisi, uwe pampu ya maji, mfuniko wa rejeta au feni, unabaki pale pale.

Ugonjwa wa pili ni giaboksi. IST ya kwanza na Passo ya kwanza zinatumia otomatiki ya kawaida ya gia nne. Vitz nyingi za kuanzia 2005, na nyingi za IST ya pili na Passo ya pili, zinatumia CVT, ambayo haina gia za kupanda ngazi bali mkanda wa chuma unaosogea kati ya puli mbili.

Mifumo hiyo miwili haitumii oili moja. CVT ina oili yake, na otomatiki ya kawaida ina ATF yake. Fundi anayemimina ATF yoyote iliyo karibu kwenye CVT anaua giaboksi, ingawa haitakufa siku hiyo. Dalili huja baadaye: gari linatetemeka likiondoka, linavuma kadiri mwendo unavyoongezeka, au linachelewa kushika ukiweka D.

> Oili ya bei nafuu iliyomiminwa mahali pasipo pake ndiyo oili ya gharama kubwa kuliko zote.

Tatu ni injini yenyewe. Tofauti na Starlet iliyotumia mkanda wa taimingi, magari haya yanatumia cheni. Wauzaji husifu kwamba cheni haibadilishwi. Ni kweli haina ratiba ya kubadilishwa, lakini huishi kwa oili safi. Anayesukuma sevisi hadi kilomita 10,000 kwa oili ya kawaida huipata sauti ya cheni asubuhi, pale injini inapowaka ikiwa baridi.

Injini ya silinda tatu ya Vitz na Passo za cc 1,000 hutetemeka kidogo kwa asili yake. Mtetemo ukifika kwenye usukani na vioo, mara nyingi mauntingi zimekwisha au koili moja imekufa. Kwa injini zilizozeeka, angalia pia moshi wa bluu. Ni oili inayoungua, na kwa kawaida chanzo chake ni ringi za pistoni au sili za valvu.

Nne ni miguu ya mbele. Matuta na mashimo yetu hayakuwamo akilini mwa waliochora gari la kwenda sokoni Nagoya. Bushi, stabiliza lingi, boljointi na shokapu huanza kugonga. Ukikata kona na kusikia kokoko-kokoko, ni jointi ya ekseli, ambayo mara nyingi imekufa kwa sababu buti lake la mpira lilipasuka, grisi ikatoka na mchanga ukaingia. Buti ni bei ndogo. Jointi si bei ndogo.

Tano ni umeme na AC. Swichi za vioo vya madirisha na sensa za oksijeni huchoka, na kompresa na kondensa ya AC huteseka kwa joto la foleni na hewa ya chumvi ya pwani. Kwa Dar es Salaam ongeza wizi. Vioo vya pembeni vya magari haya vina soko la haraka, ndiyo maana wengi huchonga namba ya gari juu ya kioo chenyewe.

Na masika yakifika, ongeza maji. Gari la chini likipita penye mafuriko kama ya Jangwani, injini inaweza kuvuta maji kupitia njia ya hewa. Likizima majini, usiliwashe tena. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta, konrodi hupinda.

Hesabu ya mwezi

Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na fidia yake kuhamishiwa kwenye ushuru wa mafuta. Kwa hiyo anayeendesha sana ndiye anayelipa sana, na mafuta yamebaki kuwa mzigo mkubwa kuliko yote.

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwa hesabu hii tuchukue Sh2,900 kwa lita. Msomaji ataweka bei ya mwezi wake.

Mtu anayeendesha kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anatembea kilomita 1,040. Gari lake likienda kilomita 15 kwa lita, atatumia lita 69, kama Sh201,000. Likienda kilomita 12 kwa lita, atatumia karibu lita 87, kama Sh251,000. Pengo ni kama Sh50,000 kwa mwezi, karibu Sh600,000 kwa mwaka.

Pengo hilo halitokani na mguu mzito wa dereva peke yake. Plagi zilizochoka, kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, sensa ya oksijeni iliyokufa, breki zinazong’ang’ania, tairi zisizo na upepo wa kutosha na ile themostati iliyong’olewa vyote huchota humo humo. Sh600,000 zinatosha kulipia matengenezo mengi ya aina hiyo.

Takwimu za matangazo ya Japani, ambazo kwa baadhi ya magari haya husema zaidi ya kilomita 20 kwa lita, zilipimwa maabara kwa kanuni maalumu. Hazikupimwa kwenye foleni ya Mbagala saa 11 jioni.

Kisha bima. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, imezoeleka kwa Sh118,000 kwa mwaka pamoja na VAT kwa gari la binafsi. Bima kubwa kwa kiwango cha asilimia 3.5 ya thamani, kwa gari la Sh10 milioni, ni Sh350,000. Na VAT inakuwa Sh413,000. Wengi huchagua ndogo, wakisahau kwamba hiyo humlipa uliyemgonga. Gari lako likiibwa au likiungua, bima ndogo haikupi hata senti.

Sevisi kwa mwendo wa kilomita 5,000 ni mara mbili au tatu kwa mwaka kwa mtumiaji huyu. Injini za IST za cc 1,300 na cc 1,500 huchukua takriban lita 3.7 za oili pamoja na kichujio, hivyo galoni moja ya lita nne inatosha. Tairi nyingi ni za inchi 13 hadi 15, za bei nafuu ukilinganisha na za magari makubwa, lakini tazama tarehe. Tarakimu nne za mwisho pembeni mwa tairi husema wiki na mwaka: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini la umri mkubwa hupasuka.

Muuzaji, fundi na mwenye gari

Nani alaumiwe gari linapokufa mapema? Kila upande una hoja yake.

Wauzaji wa yadi husema wanaleta kile ambacho mteja yuko tayari kulipia. Karatasi ya mnada ya Japani huonyesha daraja la kila gari. Lenye daraja la 4 lina hali nzuri na bei yake iko juu. Lenye alama R limewahi kugongwa na kutengenezwa, na bei yake iko chini. Mteja akitaka IST ya bei ya chini kabisa, hoja yao ni kwamba hawawezi kumletea ya daraja la 4. Hoja hiyo ina uzito, lakini inageuka udhaifu pale karatasi yenyewe inapofichwa.

Mafundi nao husema gari huletwa gereji limeshakufa. Mteja huja na bajeti yake mkononi na kuagiza fundi “apigepige” ili gari litembee hadi mwisho wa mwezi. Ukimshauri kubadilisha vitu vinne, anabadilisha kimoja.

Wenye magari hujibu kwamba fundi mmoja anasema koili, wa pili anasema pampu, wa tatu anasema giaboksi, na kila mmoja analipwa. Kukisia kwa kubadilisha spea moja baada ya nyingine ndiko kunakomaliza fedha. Kupima kwa mashine siku hizi kunapatikana kwa urahisi, lakini wapo wanaofungua kwanza na kupima baadaye.

Ubishi mkali zaidi uko kwenye spea. Sokoni kuna za aina tatu: mpya halisi, mpya za kuiga, na zilizotumika zinazotoka Japani au kupitia Dubai. Mpya halisi ni ghali. Za kuiga huwekwa wakati mwingine ndani ya boksi lenye nembo ya kampuni kubwa, na macho ya mnunuzi hayatofautishi.

Msimamo wa mafundi wengi wazoefu ni wa kati, na una mantiki. Kwa vitu vya umeme na kompyuta, kama koili, sensa na swichi, bora kilichotumika lakini halisi kuliko kipya cha kuiga. Kwa vitu vinavyosagika au vya mpira, kama brekipedi, bushi, buti na pampu ya maji, usinunue kilichotumika hata ukipewa bei ya kutupa. Hujui kimebakiza nini.

Spea hizo ndizo zinazoipa Toyota ubabe wake hapa. Honda Fit ya kwanza ni gari zuri, lina nafasi na halili mafuta, lakini CVT yake yenye tabia ya kutetemeka inataka oili yake mahususi na fundi anayeijua. Kwa anayeishi mbali na jiji, upatikanaji wa spea na fundi una thamani kuliko nembo.

Umri upigwe marufuku?

Majirani wamechagua njia nyingine. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililovuka miaka minane. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikupiga marufuku. Imeweka ushuru wa uchakavu.

Wanaotaka ukomo husema magari chakavu huchafua hewa na kuhatarisha watu barabarani. Wanaopinga husema ukomo kama huo ungewatoa sokoni mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara mdogo, ambao wanatumia gari kuzalisha kipato. Wapo pia madereva wa teksi za mtandaoni, biashara iliyoshika kasi Dar es Salaam tangu Uber ilipoingia mwaka 2016.

Matokeo ya mfumo wetu yanajipinga yenyewe. Ushuru unaongeza bei ya gari kuukuu, mnunuzi anabakiwa na fedha kidogo, na gari linaingia barabarani bila hata sevisi ya kwanza. Linalohitaji matunzo zaidi ndilo linalokuta mfuko mtupu.

Mfuko wa hewa unaoweza kuua

Jambo moja halizungumzwi yadini. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ilisababisha mamilioni ya magari ya kampuni mbalimbali duniani kuitwa tena kurekebishwa, zikiwamo Vitz na Yaris. Kampuni hiyo iliomba kinga ya kufilisika Juni 2017.

Kasoro ilikuwa kwenye baruti inayoufumua mfuko. Baada ya miaka mingi ya joto na unyevu, baruti hiyo huharibika na kulipuka kwa nguvu kupita kiasi, ikirusha vipande vya chuma ndani ya gari. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar mwaka mzima.

Gari lililorekebishwa Japani kabla ya kuuzwa halina shida. Ambalo halikurekebishwa limekuja na kasoro yake. Toyota Japani ina ukurasa wa mtandaoni ambako namba ya chesisi huonyesha kama gari lina wito ambao haujatekelezwa. Ni ukaguzi wa dakika chache na ni bure.

Kabla hujatoa fedha

Mafundi na wamiliki wazoefu wanakubaliana juu ya haya:

• Nenda asubuhi na ulikute gari likiwa baridi. Ukikuta limeshawashwa na kupashwa moto, uliza kwa nini.

• Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikiunguruma. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameifunika au ameikata.

• Fungua rejeta likiwa baridi. Kutu au mafuta ndani yake ni sababu ya kuondoka.

• Weka D, kisha R, ukiwa umekanyaga breki. Gia ishike mara moja bila kishindo.

• Tazama kanyagio la breki, usukani na kiti cha dereva. Vikiwa vimelika huku mita ikisema kilomita chache, amini kanyagio.

• Linganisha namba ya chesisi na injini na zile za kwenye kadi. Hakikisha kadi halisi ipo na haikuwekwa rehani ya mkopo.

• Angalia madeni ya faini za barabarani na maegesho. Deni la aina hiyo hufuata namba ya gari.

• Lipeleke kwa fundi wako mwenyewe, likapandishwe juu na kupimwa kwa mashine. Muuzaji akikataa, amekujibu.

Hukumu

Vitz, IST na Passo si magari mabovu. Yamedumu kwa sababu yalijengwa vizuri na kwa sababu mafundi wetu wanayajua. Mengi ya yanayokufa hayauawi na umri peke yake. Yanauawa na maji ya bomba, oili isiyo yake, fundi anayekisia na mwenye gari aliyemaliza fedha zote siku ya kununua.

Kwa hiyo mwenye Sh10 milioni asinunue gari la Sh10 milioni. Anunue la Sh8.5 milioni, na kabla ya kulitembeza mjini abadilishe oili ya injini na ya giaboksi, kulanti, plagi, vichujio, na brekipedi zikihitajika. Kinachobaki akiweke akiba, asikiguse kwa muziki wala rimu. Asiyeweza kuacha akiba hiyo, gari hilo bado halijafika uwezo wake. Aendelee na daladala au mwendokasi miezi michache zaidi, ndipo anunue.